Tope la Kulinganishia

Aliyekuwa akimletea mahabusu Asadi chakula kila siku ni baba wa msichana ambaye Asadi alishukiwa kumuua.

Asubuhi hiyo pia alikuja. Mzee Shaibu, fundi wa mashine za boti kutoka Mikindani, alikuwa amevaa kofia ya viua na kanzu iliyofuliwa vizuri, hotpoti ya bluu mkononi. Aliiweka juu ya kaunta ya kituo cha polisi, akafungua mfuniko mwenyewe, akasubiri. Utaratibu aliujua: aletaye chakula ndiye anayekionja kwanza.

"Kijiko hiki hapa, mzee," alisema Konstebo Bakari.

Mzee Shaibu alichota wali na kipande cha samaki, akatafuna polepole, akameza. Bakari alimtazama mpaka mwisho.

"Mzee wangu, wewe ni mtu wa peponi. Mimi mtu aniulie mwanangu, ningemletea shubiri, tena ya moto."

"Mama yake yuko Msimbati. Nauli ya kila siku hana," alisema Mzee Shaibu. "Na mtu hahukumiwi kwa njaa."

Inspekta Helena Mbawala alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi yake na kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia kesho mnampeleka."

"Kesho asubuhi, mahakamani. Shitaka la mauaji."

Mzee Shaibu alirudisha mfuniko wa hotpoti, akaukaza ingawa chakula kilikuwa kinakwenda ndani sasa hivi.

"Hilo halina dhamana," alisema.

"Halina."

"Na akitiwa hatiani?"

"Sheria ya mauaji unaijua, mzee."

Aliitika kwa kichwa, akageuka, akatoka. Miaka yote watu wa Mikindani walimjua kuwa mtu asiyeondoka mahali bila kuaga. Siku hiyo hakuaga.

Kwenye karatasi kesi ilikuwa nyepesi. Warda Shaibu, mtafiti kijana wa kituo cha utafiti wa bahari, alitoka siku ya Ijumaa kwa boti ya kituo kwenda kwenye meli ya utafiti iliyotia nanga nje ya mdomo wa Mto Ruvuma, mahali ambapo sakafu ya bahari inaporomoka ghafla kwenda kilindini. Kazi yake ilikuwa kupokea chupa za tope lililovutwa kutoka chini huko. Dereva wa boti alikuwa Asadi, mchumba wake. Boti ilirudi Mtwara mjini na Asadi peke yake. Kesho yake maiti ya Warda ilikutwa ufukweni Mikindani baada ya maji kupwa. Daktari aliandika kuwa amezama. Alizikwa siku hiyohiyo, kama desturi inavyotaka. Mfukoni mwa ovaroli yake palikuwa na chupa moja ya tope jeusi iliyofungwa kwa nguvu, na katika sanduku la barafu alilofikisha Asadi nafasi moja ya chupa ilikuwa tupu.

Polisi waliunganisha mambo hayo mawili. Tope la mfukoni ni la kilindini. Kwa hiyo Warda hakufika nchi kavu. Kwa hiyo alizama njiani. Na njiani alikuwa na mtu mmoja tu.

Helena aliingia chumba cha mahojiano. Asadi aliletwa akiwa pekupeku, suruali ameishika kwa mkono kwa sababu mkanda wake ulikuwa umewekwa kaunta.

"Rudia," alisema Helena.

"Afande, nisharudia mpaka maneno yamechakaa."

"Rudia kama hujawahi kusema."

Asadi alikaa. "Nlimshusha mlangoni mwa ghuba ya Mikindani, penye mikoko. Akavua viatu, akashuka majini mpaka magotini. Akanambia peleka sanduku mjini barafu isiyeyuke, mimi ntakuja na bajaji jioni."

"Kwa nini hakushukia gatini kama watu wote?"

"Alitaka tope."

"Alikuwa ametoka kuchukua tope."

"Mie kazi yangu boti, afande. Warda akisema anataka tope, mie nauliza la wapi, siulizi la nini." Alitaka kutabasamu, mdomo ukamkatalia. "Yeye alikuwa akinicheka. Anasema, Asadi, wewe ukiona samaki unaona kitoweo, mimi naona bahari nzima ya wadudu."

"Nani aliwaona mkifika?"

"Nani? Saa ya Ijumaa? Wanaume wako msikitini, wanawake wako majikoni. Hata kunguru walikuwa wamelala."

"Ovaroli yake ilikuwa imeloa oili. Boti yako inavuja?"

"Haivuji tone. Mashine ile aliifungua Mzee Shaibu mwenyewe mwezi wa Ramadhani. Akiifunga yeye imefungwa."

"Mligombana?"

"Juu ya rangi ya pazia. Yeye kijani, mie njano." Aliinamisha kichwa. "Posa ilishapokelewa, afande. Mtu hamuui mke aliyekwisha kupewa."

"Wapo wanaoua. Chakula unapata?"

"Napata. Kinanuka mafuta ya taa kidogo. Ndiyo mikono ya fundi. Nakula tu. Ile ni harufu ya nyumbani kwao."

Helena alikuwa ameshika kitasa aondoke. Aliligeuza neno hilo la mwisho, akaliandika pembeni mwa karatasi, akalipigia mstari bila kujua bado litamfaa nini.

Simu iliita akiwa koridoni. Alikuwa Mkuu wa Upelelezi, Godfrey.

"Helena, jalada nalitaka mezani kwangu kesho kabla ya saa mbili."

"Nasubiri majibu ya tope, mkuu."

"Tope! Tuna boti, tuna oili, tuna mwanaume. Unasubiri tope likuambie nini?"

"Lilikotoka."

"Una leo tu," alisema Godfrey, akakata.

*

Dokta Irene, mwanamke mrefu wa Bukoba aliyekuwa mkubwa wa Warda kazini, alimpokea Helena mlangoni mwa maabara na kumpa koti jeupe. Meza ya dirishani ilikuwa bado na kikombe chenye jina la Warda. Hakuna aliyekuwa amekiondoa.

"Chupa zako zimesema," alisema Irene. "Njoo uone mwenyewe, nisije nikaonekana mganga."

Alifungua jokofu. Ndani kulikuwa na safu ya chupa ndogo, kila moja na kijiko cha tope, maji ya bahari yaliyochujwa, na matone ya mafuta ghafi. Safu nyingine kama hiyo ilikuwa juu ya rafu, katika joto la kawaida la Mtwara, imefunikwa kitambaa cheusi.

"Baharini wako bakteria ambao chakula chao ni mafuta," alisema Irene. "Kule kilindini mafuta na gesi huvuja vyenyewe kwenye nyufa za sakafu, na wao wamekuwa wakiyala kabla binadamu hajajua neno mafuta. Lakini wa kule wamezoea baridi, giza, na uzito wa maji juu ya vichwa vyao. Ukiwaleta kwenye joto hili hawafanyi kazi, wengi wanakufa. Tazama. Hili ni tope halisi la kilindini, kutoka melini."

Helena aliinama. Katika chupa ya jokofuni utando wa mafuta ulikuwa umeanza kutoboka taratibu. Katika chupa ya rafuni ulikuwa mzima, umetanda juu kama malai ya maziwa.

"Sasa hili ni la mfukoni mwa Warda."

Hapa mambo yalikuwa kinyume. Ya jokofuni ilikuwa imelala, mafuta yako juu kama yalivyowekwa. Ya rafuni haikuwa na utando tena. Maji yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Hawa wanataka joto," alisema Helena.

"Ni wa pwani. Tope hili halijawahi kuona kilindi."

"Na ile nafasi tupu kwenye sanduku?"

"Kila safari tunabeba chupa moja tupu ya akiba. Hakuna aliyeniuliza. Naamini aliichukua, akaijaza kwingine."

"Ungeapa mahakamani?"

"Kwamba si la kilindini, hata leo." Irene alifunga jokofu, mkono wake ukabaki mlangoni. "Lakini kuna la pili. Tope ambalo halijazoea mafuta huchelewa. Bakteria wanakuwa wachache, lazima kwanza wazaane. Hili lilianza kula mara tu nilipolipa. Mahali lilipotoka limelishwa mafuta muda mrefu sana."

"Kuna meli ilimwaga?"

"Nilifikiri hivyo. Nikachukua matope ya kule nje ya ghuba zinakopita meli. Hakuna kitu. Ni mahali pamoja padogo, ndani."

Helena alivuta kiti. "Warda alitaka tope la pwani la nini?"

Irene alikwenda dirishani. Alizungumza akitazama nje.

"La kulinganishia. Ukitaka kuonyesha kwamba tope la kilindini linakula mafuta, lazima uwe na tope safi la kulinganisha nalo. Alichagua la Mikindani, kwenye mikoko ya utotoni mwake. Alisema hapo ndipo mahali pasafi kuliko pote anapopajua. Tulipolijaribu, lile tope safi likayala mafuta haraka kuliko yote. Nilimwambia, Warda, umechanganya chupa, kachukue jingine. Alinuna. Akasema atachukua yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ili nisipate la kusema."

Mashine ya kupoza hewa iliunguruma, ikanyamaza.

Helena alitoa picha kwenye bahasha: picha ya maiti iliyopigwa ufukweni na askari wa kwanza kufika. Aliiweka mezani. Ovaroli ilikuwa nyeusi kwa oili kuanzia kolani hadi kiunoni. Uso ulikuwa msafi. Nywele zilikuwa safi.

"Mafuta na maji vikiwa pamoja, kipi kinakaa juu?" aliuliza.

"Mafuta."

"Mtu akizama hapo, kinachopita kwenye mafuta kwanza na mwisho ni nini?"

Irene aliitazama picha, kisha akaigeuza kifudifudi.

"Kichwa," alisema. "Inspekta, mtu huyu alioshwa kabla hamjafika."

*

Mwasiti, shangazi wa Warda, aliishi katika nyumba ya mawe nyuma ya soko la Mikindani. Helena alimkuta uani akisuka ukili. Bakari alibaki garini.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Polisi wa kike hao. Angalau wanajua kubisha. Wale wenzio waliingia na viatu."

Helena alivua viatu, akakaa mkekani. "Mama, wewe ndiye uliyemwosha Warda."

"Mimi na wenzangu wawili. Wao walimimina maji. Mikono ni yangu."

"Uliona nini?"

Vidole vya Mwasiti havikusimama. "Wewe Mkristo?"

"Mkatoliki. Wa Songea."

"Kwenu maiti anaoshwa na nani?"

"Siku hizi hospitali, mara nyingi."

"Basi nikueleze. Kwetu anayeosha maiti, akiona zuri hulisema, akiona baya hulizika pamoja naye. Ndiyo sitara. Watu wamenikabidhi watoto wao na mama zao katika mji huu, na hakuna hata mmoja aliyesikia neno lake likitembea sokoni. Mwanangu, mimi ni kaburi kabla ya kaburi."

"Nakuelewa."

"Kama unanielewa kunywa maji, uende."

Helena hakugusa maji. "Kesho asubuhi Asadi anapelekwa kwenye shitaka la kunyongwa. Ushahidi ni oili na tope. Tope limekwisha kumtetea. Imebaki oili." Alisogeza miguu. "Mama, sikuja kumvua Warda nguo. Nauliza tu: angependa sitara yake igeuke kuwa kamba ya mchumba wake?"

Ukili ulianguka mapajani. Mwasiti aliutazama kama si kazi yake.

"Umefundishwa kuuliza, wewe," alisema. "Haya. Uliza kidogokidogo. Mimi ni mzee."

"Nywele zilikuwa na oili?"

"Hapana."

"Mchanga?"

"Hata mchanga. Nimeosha watu wa baharini, wanakuja na mchanga na majani kichwani. Za Warda zilikuwa safi. Zilikuwa zimechanwa."

"Zimechanwa?"

"Zimechanwa, zikarudishwa nyuma, zikagawanywa mbili. Hivi." Alionyesha kichwani mwake. "Hakuwa akichana hivyo tangu alipokuwa mdogo. Mama yake alipokufa, aliyekuwa akimchana hivyo asubuhi za shule..." Aliushusha mkono.

Helena alisubiri.

"Na zilinuka mafuta ya taa," alisema Mwasiti. "Nilirudia maji ya mkunazi. Nikarudia tena. Nikatia kafuri. Harufu haikutoka. Tumemzika nayo."

"Ulimuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Kaka yangu alikuwa kasimama nje ya mlango, paji la uso kaliweka ukutani. Nikasema, nikiuliza nitajibiwa." Alichukua kikombe cha maji ya mgeni, akanywa yeye. "Sikutaka kujibiwa."

"Kuna jingine?"

Mwasiti aliitazama mikono yake mwenyewe kwa muda mrefu.

"Kucha," alisema. "Aliyemsafisha alisahau kucha. Chini yake kulikuwa kweusi, vidole vyote. Nilizisafisha kwa njiti ya kiberiti, kimoja baada ya kimoja. Mbili zilikuwa zimevunjika mpaka nyamani." Alimshika Helena mkono. "Hilo usiliandike, mwanangu. Shaibu akilisikia hilo, hataiona Idi."

"Nitaandika yanayomtoa Asadi tu."

"Niapie."

Helena aliapa. Mwasiti alimwachia mkono, akaokota ukili, lakini hakuweza kuona mahali alipoachia.

*

Karakana ya Mzee Shaibu ilikuwa chini ya bati, hatua chache kutoka mikokoni. Alikuwa ameinama juu ya mashine ya boti iliyofunguliwa, vipuri vimepangwa juu ya gunia kwa utaratibu vilivyotolewa. Alipomwona Helena alichovya mikono katika kopo la mafuta ya taa, akasugua, akafuta kwa tambara. Ndipo akampa mkono.

"Karibu, mwanangu. Asadi kala?"

"Amekula. Mzee, ukibadilisha oili kwenye mashine, ile chafu unaipeleka wapi?"

"Wengine wanakuja kuchukua. Wanapaka mbao, mchwa wasile."

"Na inayobaki?"

Mzee Shaibu alikunja tambara mara mbili, akaliweka juu ya benchi, akalinyoosha. Bakari, aliyekuwa amesimama nyuma ya Helena, alifungua mdomo kusema jambo. Helena alimzuia kwa mkono.

"Nilijua ni wewe utakayekuja," alisema mzee. "Yule mkubwa wako hana macho ya kutazama chini. Twendeni."

Alitangulia. Njia ilikuwa nyembamba, imepigwa na miguu ya mtu mmoja. Ilipita katikati ya mikoko, kisha mikoko yenyewe ikaanza kuwa mikavu, matawi hayana majani. Mwisho wa njia palikuwa na rundo la makuti. Mzee Shaibu aliyavuta upande. Chini yake palikuwa na shimo pana kama kitanda cha watu wawili, limejaa maji meusi yasiyotikisika, na juu ya maji rangi za upinde wa mvua.

"Nililichimba kabla hajazaliwa," alisema. "Kila mashine niliyoifungua, chafu yake imo humu. Hapa pametoka ada yake, na sare zake, na chuo."

"Makuti uliyaweka lini?"

Aliokota kuti moja, akalikunja vidoleni.

"Mwaka huu. Alikuwa akija Jumapili kutoka chumba chake cha Magomeni, huko mjini, tunakula pamoja, ananisimulia. Wadudu wanaokula mafuta chini ya bahari. Mimi nikafurahi. Nikasema, basi Mwenyezi Mungu ameweka wa kufagia, hata langu litafagiwa. Lakini Jumapili moja akanambia, baba, tope letu la hapa ndilo nimelichagua, kwa sababu ndilo safi." Alionyesha shimo kwa mkono mzima. "Mwanangu, ningemwonyesha hili? Nikakata makuti, nikalifunika. Nililifunika kwa ajili yake. Sikutaka alione."

Bakari aliivua kofia yake.

"Ijumaa ile," alisema Helena.

"Nilikuwa msikitini, safu ya kwanza. Baada ya hapo nikaenda kwenye mashine ya mtu, kule gatini, hadi jioni. Sikujua kama kashukia huku. Nikajua kalala mjini. Alfajiri nikaja na ndoo." Alirudia, polepole, kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya mwingine. "Nikaja na ndoo ya kumwaga. Nikaona makuti yamezama katikati. Maji yalikuwa yamejaa usiku, yakatoka. Nikaona mkono."

"Ukamtoa."

"Nikamtoa. Alikuwa mweusi kichwani na usoni, siwezi kumjua mtoto wangu. Nikakimbilia mafuta ya taa. Nikamwosha uso, nikamwosha nywele, nikamchana. Nguo sikuzigusa, ni mwanamke mzima, mimi ni baba yake. Nikambeba mpaka ufukweni, mahali pasafi. Nikasema watamkuta hapo, watasema bahari. Bahari imechukua wengi, haimlaumu mtu."

"Wakasema Asadi."

"Wakaniuliza, alikwenda na nani? Nikajibu kweli: Asadi. Nikadhani watamhoji siku moja, wamwache. Kila asubuhi nikipika, nasema leo nitasema. Nafika kaunta, nafungua mfuniko, naonja." Aliifuta midomo kwa mgongo wa mkono. "Leo uliponambia shitaka, nilitoka nikakaa chini ya ukuta wenu wa kituo mpaka jua likanifikia. Sikusema. Nakwambia ujue mtu unayemkamata."

Helena alitoa chupa mbili alizopewa na Irene, akapiga magoti, akachota tope ukingoni, akaziba, akaandika. Alipiga picha. Alimwita Bakari ashuhudie na kutia saini. Ukingoni, upande wa nchi kavu, palikuwa na mikwaruzo mirefu kwenye udongo mgumu, mitano na mitano. Aliipiga picha nayo, akajiweka kati yake na mzee mpaka walipogeuka kurudi.

*

Jioni Godfrey alisoma jalada akiwa amesimama. Alilisoma mara mbili, akasaini karatasi ya kumwachia Asadi, hakusema neno juu ya tope.

Kaunta, Bakari alimrudishia Asadi mkanda, viatu na simu. Mzee Shaibu alikuwa amekaa kwenye benchi, kofia mapajani, anasubiri kuandikishwa. Bakari alikuwa amekwisha kumwambia kijana yote, kwa sauti ya chini, ndani kule.

Asadi alivaa mkanda. Vidole vilikosea tundu, akaanza upya. Kisha akasimama mbele ya benchi.

"Ungenambia, mzee," alisema. "Ningekaa humu nikijua. Ningekula wali wako nikijua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Sijui." Asadi alitazama hotpoti ya bluu iliyokuwa tupu juu ya kaunta. "Sijui, mzee. Sitaki kukudanganya."

Akatoka. Walimsikia akiuliza mtu barabarani bajaji za Mikindani zinaegeshwa wapi, na hakuna aliyehitaji kuambiwa anakwenda kaburi gani.

Helena alifungua kitabu cha kaunta, akaandika jina, umri, kazi. Alimsomea mzee makosa: kuua bila kukusudia, kuficha ushahidi, kutoa taarifa isiyo kamili. Mzee Shaibu aliitika kila moja kama anaitikia dua. Alivua saa, akavua mkanda, akaitoa leso yake. Mwisho aliweka kitana kidogo cha plastiki juu ya kaunta, cheupe, meno mawili yamekatika.

Bakari alikiandika kama alivyoviandika vingine.

"Inspekta," alisema Mzee Shaibu alipokwisha kushikwa mkono. "Swali moja. Umezungumza na dada yangu. Yeye ndiye aliyemshika mwisho. Mtoto wangu alihangaika? Au ilikuwa haraka?"

Bakari aliinamisha macho kwenye kitabu. Helena alikuwa bado na kalamu mkononi. Siku nzima alikuwa ameuliza watu, na kila mmoja alikuwa amemjibu kweli.

"Dada yako ni mwosha maiti, mzee," alisema. "Ameniambia zuri tu. Ameniambia nywele zake zilikuwa zimechanwa vizuri."

Mzee Shaibu alimtazama usoni, kwa muda, kama anavyotazama mashine inayosemekana imepona. Kisha akageuka mwenyewe kuelekea mlango wa mahabusu, na safari hii aliaga.